"Hayumo" Katika Kompyuta



Orodha nyingi za mishahara na michango zimekwisha kuhama kutoka madaftarini. Zimo katika hifadhidata, na karani huzifungua kwa intaneti, akajaza visanduku vya wilaya, tarehe au jina. Kompyuta huchuja, ikaleta waliotimiza masharti. Sisi tunawajali wale wanaobaki chujioni bila mtu kujua.

Tutazame wenzetu wa Nakivale. Makazi haya ya wakimbizi yalikuwa katika Wilaya ya Mbarara hadi mwaka 2005, wilaya hiyo ilipogawanywa na Isingiro ikazaliwa. Mwaka 2020 mji wa Mbarara nao ukafanywa jiji. Basi karani akiandika "Mbarara", humpata mwalimu wa Nakivale aliyeandikishwa mwaka 2003, akamkosa mwenzake wa chumba cha pili aliyeandikishwa mwaka 2010. Mahali ni pale pale. Lililobadilika ni jina tu. Afadhali kuchuja kwa jina la makazi yenyewe, au kuwa na jedwali linalounganisha majina ya kale na ya sasa.

Kibaya zaidi ni kisanduku kitupu. Mtu ambaye wilaya yake haikuandikwa hatokei ukiuliza "walio Mbarara". Hilo linaeleweka. Lakini ukiuliza "wasio Mbarara", hatokei vile vile! Lugha ya SQL, inayotumiwa na hifadhidata nyingi, haina majibu mawili tu ya kweli na si kweli. Ina la tatu, haijulikani, na chujio hupitisha la kweli peke yake. Jumlisha orodha zote mbili: watu 100 huweza kuwa 97, wala kompyuta haitasema kitu. Fundi wa programu hana budi kuongeza sharti: "au wilaya haikuandikwa."

Tarehe nazo zina mtego wake. "Hadi 30 Juni" huweza kusomwa kuwa mwanzo wa siku hiyo, saa sita usiku, na aliyelipa mchango asubuhi yake akahesabiwa mdaiwa. Fundi aandike "kabla ya 1 Julai".

Kwa hiyo, mwanachama ukiambiwa dirishani kwamba humo, usiondoke. Mwombe karani, kwa adabu, aondoe masharti yote ya wilaya na tarehe, kisha akutafute kwa namba ya kadi yako peke yake.