Picha za Dijitali: Sanaa Kama Kazi ya Pili

Mwanafunzi anayeingia kidato cha tano hana budi kuchagua mchepuo wake. Aghalabu huambiwa kuwa akishika sayansi ameiaga sanaa, na akishika sanaa amejifungia mlango wa maabara. Uamuzi huo ni mzito, kwani huandamana naye hata utu uzima. Makala haya yanakusudia kuonyesha, kwa mfano wa upigaji picha za sanaa kwa kamera ya dijitali, kwamba elimu ya awali haipotei mtu anapobadili kazi.

Mchumi ashika kamera

Sebastião Salgado alizaliwa Brazil mwaka 1944, akafariki mwaka 2025. Hakusomea picha, alisomea uchumi, akaajiriwa mjini London na Shirika la Kimataifa la Kahawa. Kazi hiyo ilimsafirisha hadi Afrika kwa shughuli za miradi ya maendeleo, naye akaenda na kamera ambayo mkewe, Lélia, aliinunua kwa ajili ya masomo yake ya usanifu wa majengo. Mwaka 1973 Salgado aliacha mshahara wa uhakika, akawa mpiga picha. Hata hivyo, uchumi haukumtoka. Mwaka 1986 alipiga picha wachimbaji wa dhahabu wa Serra Pelada, nchini Brazil, wakipanda ngazi na magunia ya udongo mgongoni. Aliona mpangilio wa kazi na ujira pale ambapo mwingine angeona msongamano wa watu tu.

Mwaka 2004 alianza mradi alioupa jina la Genesis, juu ya maumbile ambayo hayajaharibiwa. Alianza kwa filamu, lakini mwaka 2008 akahamia kamera ya dijitali. Sababu mojawapo ni ya kifizikia: mashine za eksirei katika viwanja vya ndege huathiri filamu kama mwanga unavyoiathiri, na msafiri wa kila mara huzipitia mara nyingi.

Mwanga wageuka nambari

Katika kamera ya dijitali, nafasi ya filamu hushikwa na kibamba cha silikoni chenye mamilioni ya vijisehemu viitwavyo pikseli. Mwanga ukiigonga pikseli huachilia elektroni. Mwanga ukiongezeka maradufu, elektroni nazo huongezeka maradufu. Kamera hupima chaji hiyo na kuiandika kwa nambari. Kamera ya biti 14 ina ngazi 2 kwa kipeo cha 14, yaani 16,384. Nusu ya ngazi hizo, yaani 8,192, hutumika kwa sehemu angavu kabisa. Sehemu zenye nusu ya mwanga huo hupata 4,096, na kadhalika. Ndiyo maana kivuli kilichopigwa kwa mwanga haba huchakaa kinapong'arishwa baadaye. Kadhalika, pikseli iliyojaa kupita kiasi hutoa weupe mtupu usiorekebishika. Fizikia humweleza msanii kipi kitapotea. Ni juu yake kuamua kipi kihifadhiwe.

Kutoka kamera hadi ukutani

Picha yenye pikseli 6,000 kwa 4,000, ikichapwa kwa pikseli 300 kila inchi, hufikia sentimita 51 kwa 34 hivi. Wasanii wengi huchapa kwa wino wa pigimenti juu ya karatasi ya pamba isiyo na asidi ili picha idumu, na huweka kikomo cha nakala ili kulinda thamani yake.

Isidhaniwe, hata hivyo, kuwa njia hii ni nyepesi. Kamera, kompyuta na uchapaji vyote vyahitaji fedha, na wanunuzi wa picha za sanaa si wengi. Yafaa mwenye nia aanze akiwa bado kazini, tena achague jambo analolifahamu kuliko wengine: daktari wa mifugo, malisho na wafugaji, mwalimu wa jiografia, mmomonyoko wa udongo.

Walimu waweza kuanza darasani. Wanafunzi wampige picha mwenzao aliyeketi dirishani mara tatu, kila mara mwanga uingiao kwenye kamera ukipunguzwa kwa nusu, kisha wajadili ni picha ipi inayomweleza vizuri zaidi, na kwa nini. Wa mchepuo wa sayansi na wa sanaa wote watakuwa na la kusema.