Anayebaki Kambini

Mradi wetu ulikuwa na jedwali zuri kuliko yote niliyowahi kuyaona darasani. Lilichukua nusu ya ukuta. Kushoto shughuli, juu tarehe, katikati mistari ya rangi inayoonyesha kazi ipi ianze lini na iishe lini, na pembeni kabisa safu ya majina ya wahusika. Juu yake mwenyekiti wetu aliandika lengo kwa kalamu nyekundu: darasa zima lifike kibanda cha Kibo, mita 4,700 na ushee juu ya usawa wa bahari, lilale usiku mmoja na kurudi. Kileleni, kwenye mita 5,895, hatukupanga kufika. Siku na fedha havikutosha.

Sisi ni wanafunzi wa stashahada ya usimamizi wa miradi, masomo ya jioni, hapa Arusha. Mchana kila mtu ana shughuli yake. Mimi ni mtunza stoo katika duka la vifaa vya ujenzi. Mwalimu wetu alitaka tutoke kwenye miradi ya makaratasi, ile ya visima na mabanda ya kuku ambayo mtu anaweza kuikosea yote na bado akalala ameshiba. Alitaka tupange kitu ambacho kasoro yake itaonekana siku hiyo hiyo. Tukachagua Mlima Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, kwa kuwa ndiyo yenye vibanda vya kulala, na kukodi mahema kungetumaliza. Nikapewa chakula na vifaa. Kwenye jedwali kazi yangu ilikuwa mstari wa mwisho, chini ya picha na video.

Uongozi tuliousoma vitabuni nilianza kuuona kwa macho getini Marangu, kabla hatujapiga hatua. Pale mizigo ya wapagazi hupimwa, na kanuni ya hifadhi ni kilo 20 kwa mpagazi mmoja. Wapagazi wenyewe huitana wagumu, na ndivyo nitakavyowaita. Gunia letu moja, lenye mchele, viazi na sufuria kubwa, lilisoma kilo 23. Mwenyekiti akaanza kumsihi mpimaji: ni kilo tatu tu, mzee, tunachelewa. Mkuu wa msafara, mzee wa Marangu anayepanda mlima ule tangu ujana wake, hakuingia kwenye maneno. Aliinama, akafungua kamba, akatoa sufuria na mfuko wa viazi, akauliza kwa sauti ya kawaida, "Nani yuko chini ya ishirini?" Kijana mmoja akasema ana kumi na sita. Akapokea viazi. Mwingine akapokea sufuria. Gunia likapimwa tena, likaandikwa, tukaondoka.

Mtu wa stoo anaelewa jambo hili haraka. Kilo tatu hazipotei kwa kuombewa. Zikiachwa kwenye gunia, kuna shingo ya mtu itakayozibeba mpaka juu. Mzee yule aliuliza swali ambalo kila mmoja alilisikia, na mzigo ukahama mbele ya macho ya wote. Kazi nyingi ninazoziona mjini huharibikia hapo: kila kinachozidi anabebeshwa yule asiyelalamika, na hakuna karatasi inayoonyesha.

Kutoka getini hadi Mandara ni kilomita nane za msitu, mbega wakiruka juu ya vichwa vyetu na miti ikiwa imeota ndevu za kijani. Mkuu alimchukua mwenzetu mwenye mwendo wa taratibu kuliko wote, akamweka mbele, nyuma yake tu. Sote tukafuata hatua za yule dada. Mwenyekiti, kijana mwenye nguvu na sauti, alikuwa ameshatangulia. Akaitwa arudi. "Wewe kaa nyuma, mwanangu, uwaone," mzee alimwambia. Kila mara wagumu walipotupita, sanduku kichwani na begi mgongoni, tulisogea kando wapite. Ndivyo inavyotakiwa mlimani: asiye na mzigo humpisha mwenye mzigo.

Tulipofika Mandara chai ilikuwa mezani. Hapo ndipo nilipolikumbuka jedwali. Darasani tunafundishwa kutafuta njia kuu ya mradi, yaani mnyororo wa kazi ambazo moja ikichelewa saa moja, mradi mzima unachelewa saa moja. Kazi nyingine zina nafasi ya kupumua, hizi hazina. Sisi tulikuwa tumepaka rangi nyekundu mwendo wetu wenyewe, tukiamini kwamba miguu yetu ndiyo mradi. Kumbe tungeweza kuchelewa kwa saa nzima msituni na jioni isiharibike. Lakini jiko likichelewa, watu wanakula usiku, wanalala vibaya, wanaamka na kichwa kizito, na kesho yake haipo. Mpishi alikuwa ameondoka getini mapema kuliko sote akiwa na wagumu wawili wa jiko, bila mtu yeyote kwetu kutambua. Hata mimi mwenye stoo nilikuwa nimemwandikia vyakula vyake bila kumwandikia muda wake.

Horombo ni mita 3,720. Hewa pale ni nyepesi, na kadiri unavyopanda ndivyo inavyopungua. Kileleni shinikizo lake ni karibu nusu ya lile la pwani. Mwili unahitaji muda kuzoea, ndiyo maana wasafiri wengi hukaa Horombo usiku wa ziada, mchana wakapanda hadi kwenye miamba yenye mistari kama ya pundamilia, kisha wakashuka kulala palepale. Panda juu, lala chini. Tulifanya hivyo, na jioni ile mradi wetu ulipata jaribu lake.

Kila jioni mkuu wa msafara alipita mezani akiuliza watu mmoja mmoja. Umekula? Umelala? Kichwa? Tumbo? Wote tulijibu salama. Lakini yeye alikuwa akitazama sahani kuliko nyuso. Sahani ya mwenzetu mmoja ilikuwa na ugali uliokatwa kipande na kurudishwa. Mzee akakaa pembeni yake, akanyamaza naye kidogo. Ikatoka: kichwa kilikuwa kinamgonga tangu usiku uliopita, ametapika mara kadhaa, na amekuwa akificha.

Kwa nini alificha? Alisema mwenyewe, machozi yakimlengalenga: hakutaka kuwa mtu aliyeharibu lengo la darasa. Limeandikwa "darasa zima". Nimelifikiria jibu hilo kuliko jambo lolote lingine la safari ile. Maneno mawili tuliyoyaweka juu ya ukuta kwa nia njema, ili asiachwe mtu, ndiyo yaliyomfunga mdomo mgonjwa. Lengo la mradi si karatasi isiyo na madhara. Watu hujipima nalo, na wengine hujiumiza nalo. Kila anayeongoza watu, awe msimamizi wa ujenzi au mwalimu mkuu anayetangaza kwamba mwaka huu hafeli mtu, namwomba alitazame lengo lake kwa jicho la yule dhaifu kuliko wote, ajiulize litamfundisha kusema kweli au kuficha.

Mwenyekiti alijaribu kuomba mgonjwa apumzike hadi asubuhi, tuone. Mzee akatikisa kichwa. "Dawa ya mlima ni kushuka, na kushuka ni sasa." Msaidizi wake akaanza kufunga begi la mgonjwa. Ikabaki nani wa darasa ataandamana naye usiku ule hadi Mandara. Kila mtu alitazama meza. Mwenyekiti akasimama, akavua kadi ya ratiba iliyokuwa shingoni, akamkabidhi dada aliyekuwa anashughulikia afya, akasema, "Kesho unaongoza wewe. Mimi nashuka." Alikuwa ameisubiri Kibo kwa miezi. Sikuwahi kumheshimu kama wakati ule, na naandika haya akiwa anajua kwamba nitayaandika.

Msaidizi mmoja akiwa ameshuka, mkuu wa msafara hakutaka kuacha Horombo bila mtu wetu. Mizigo iliyobaki ilihitaji mwangalizi, habari kutoka Mandara zilihitaji mpokeaji, na wanaorudi kutoka Kibo wangehitaji kukuta kila kitu tayari. Chakula na vifaa vilikuwa mikononi mwangu. Nikabaki.

Usiku huo, kabla hatujalala, mwalimu, ambaye tulipanda naye, alitusimulia habari za Hans Meyer, Mjerumani anayetajwa kuwa wa kwanza kufika kileleni. Mwaka 1887 barafu ilimzuia. Mwaka 1888 hata mlimani hakufika: alikamatwa katika vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani, akaachiwa kwa fidia. Mwaka 1889 akarudi na Ludwig Purtscheller, mpanda milima wa Austria, na safari hii akaja na mpango tofauti. Badala ya kukimbilia juu na kushuka chini kila chakula kinapokwisha, aliweka kambi kwa hatua, na wapagazi wakawa wanapandisha chakula kutoka Marangu. Tarehe 3 Oktoba walifika ukingo wa kreta wakaishiwa nguvu, wakarudi. Kwa kuwa kambi ilikuwa karibu na ina chakula, waliweza kujaribu tena, na tarehe 6 Oktoba wakafika.

Katika kambi ile ya juu, zaidi ya mita 4,000, walikuwa watu watatu. Wa tatu alikuwa Muini Amani, mtu wa Pangani. Wenzake walishuka, yeye alibaki kwenye baridi ambayo mtu wa pwani hakuzaliwa nayo, akiwasha moto, akichota maji, akipika, akiwasubiri wawili hao kila walipopanda. Meyer alikipa kilele jina la mfalme wake wa Ujerumani. Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda alipandisha pale bendera ya Tanganyika na mwenge, na kilele sasa kinaitwa Uhuru. Ni haki kwamba jina lile liliondoka. Ningependa na jina la Amani lifundishwe shuleni, maana jaribio la pili la Oktoba 1889 lilisimama juu ya moto wake.

Asubuhi wenzangu walipanda. Mimi nilishinda na mgumu mmoja aliyekuwa akiumwa goti, na kwake ndiko nilikojifunza habari za maji. Juu ya Horombo, kwenye njia ya Kibo, kuna mahali penye kibao kinachoeleza kwamba hapo ndipo maji ya mwisho. Kutoka hapo hadi kibandani hakuna kijito. Kila tone linalonywewa Kibo, la chai, la uji, la kunawa, limebebwa begani na mtu, kwa saa kadhaa, jangwani na upepo ukipiga. "Mkinawa miguu kule juu," aliniambia kwa upole, "mnanawa mgongo wa mtu." Nilichukua daftari langu la stoo nikapiga hesabu ya wenzangu: lita ngapi kwa kichwa, ndoo ngapi, safari ngapi. Kisha nikatafuta maji kwenye nakala ya jedwali letu. Hayakuwemo. Tulikuwa na mstari wa betri za tochi, mstari wa fulana za darasa, mstari wa bango la kupigia picha. Maji, ambayo bila hayo Kibo hakuna anayelala hata saa mbili, hayakuwa na mstari wala jina.

Jioni alipanda mgumu kutoka Mandara na ujumbe: mgonjwa amekula, kichwa kimepoa. Nikampa chai, nikaandika saa aliyofika. Kesho yake mchana darasa lilirejea kutoka Kibo, midomo imepasuka kwa upepo, wakakuta supu ya moto na maji ya kunawa ambayo pale Horombo yalipatikana. Walinieleza Kibo yote kwa pupa, wakikatizana. Nilifurahi nao kwa dhati.

Usiku wa mwisho tulikutana wote Mandara, mwenyekiti na mgonjwa wetu wakiwemo, kwa ajili ya kugawa bakshishi. Watu wanaotetea haki za wagumu wanashauri jambo hili lifanywe wazi, kila kiasi kisomwe mbele ya timu nzima, ili mgumu wa mwisho ajue kilichotolewa kwa jina lake na asikate tamaa kwa uvumi. Mwenyekiti alisoma kwa sauti: mkuu kiasi hiki, wasaidizi hiki, mpishi hiki, kila mgumu hiki. Kisha akauliza kama kuna neno. Yule mwenye goti akasema moja tu: wakija wengine, watuambie mapema watahitaji maji kiasi gani Kibo, tupange watu.

Darasa linalofuata linaondoka Januari. Jedwali lao nimeliona. Maji yana mstari wake na jina la mtu, muda wa mpishi umepakwa nyekundu, na mwalimu amewabadilishia lengo: wote warudi salama, na afike Kibo atakayeweza. Nimewaomba waongeze mtu wa pili wa kubaki Horombo, kwa sababu mmoja hatoshi iwapo naye atalazimika kumshusha mgonjwa. Bado wanabishana kuhusu gharama.