Mawe ya figo: Jina moja, maradhi mbalimbali

TUMEZOEA kusema kwamba fulani ana ‘mawe kwenye figo’. Usemi huo unaeleweka, ila unaficha jambo muhimu: mawe hayo si ya aina moja, na tiba ya aina moja yaweza kumdhuru mwenye aina nyingine.

Mengi hutokana na kalsiamu oksaleti. Mengine ni ya asidi ya yuriki. Yapo ya struvaiti, yanayotokana na bakteria walioambukiza njia ya mkojo, na ya sistini, yanayotokana na kasoro ya kurithi.

Kwa kuyatazama tu, ni rahisi kukosea. Ndipo wataalamu wa maabara hutumia mwanga wa infraredi, ambao William Herschel aliugundua nchini Uingereza mnamo 1800. Mwanga huo hatuuoni, lakini joto lake twalihisi.

Je, unafanyaje kazi? Atomu zilizoungana katika molekuli hazitulii. Hutikisika mithili ya nyuzi za gitaa, kila muungano kwa kasi yake. Mwanga wa infraredi ukipita, kila muungano hufyonza ule tu unaolingana na mtikisiko wake.

Basi jiwe huoshwa, hukaushwa na kusagwa. Miligramu chache za unga wake huchanganywa na chumvi ya potasiamu bromidi, kisha hushindiliwa kuwa kidonge chembamba kinachopitisha mwanga. Mashine huchora mstari wenye mabonde, kila bonde likionyesha mwanga uliofyonzwa. Mchoro huo hulinganishwa na michoro ya kemikali zinazojulikana. Jiwe likiwa na matabaka, kiini chake hupimwa kivyake ili ijulikane lilianza vipi.

Kuna haja gani ya kujisumbua hivyo? Jiwe la asidi ya yuriki laweza kuyeyushwa kwa dawa za kupunguza asidi kwenye mkojo, bila upasuaji. Lakini mkojo uliopungua asidi ndio hasa unaostawisha struvaiti! Mwenye jiwe hilo huhitaji liondolewe lote, na maambukizi yatibiwe.

Kwa hivyo, daktari akikwambia utarajie jiwe kutoka, kojolea kwenye chujio. Likitoka, usilimwage chooni. Lisuuze, likaushe, litie kwenye kichupa safi, kisha umpelekee. Hapo ataweza kukwambia una jiwe gani, si kwamba una mawe tu.