Elimu ya Mtoto wa Kike Mugango: Haki Isiyosubiri Zamu ya Kaka

Kila Januari, wanafunzi wanapojiandaa kuanza kidato cha kwanza, kaya nyingi za mwambao wa Ziwa Victoria hukabiliwa na hesabu ngumu. Sare, madaftari na nauli vinahitajika kwa watoto zaidi ya mmoja, ilhali mfuko ni mmoja. Katika kata ya Mugango, wilayani Musoma, kama ilivyo katika maeneo mengine ya Mkoa wa Mara, hesabu hiyo inapokwama, anayeombwa kusubiri kwa kawaida ni binti.

Upendeleo huo una chimbuko lake. Katika jamii zinazofuata ukoo wa baba, kijana huhesabiwa kuwa mrithi wa boma, ardhi na jina. Binti huonekana kama mgeni wa kupita, atakayeolewa na kuacha nyuma mahari ya ng'ombe. Uzito wa jambo hili unaonekana katika desturi ya nyumba ntobhu, iliyopo miongoni mwa Wakurya na baadhi ya jamii za mkoa huo, ambapo mwanamke asiye na mtoto wa kiume humtolea mahari binti ili amzalie mrithi. Ikiwa kukosa mtoto wa kiume ni pengo la kuzibwa kwa gharama kubwa kiasi hicho, si ajabu shule ya binti ikawekwa nyuma.

Hata hivyo, hesabu hiyo ina kasoro. Mahari hutolewa mara moja, bali elimu huendelea kuzaa matunda. Binti aliyesoma huwa na nafasi kubwa zaidi ya kupata kipato, huchelewa kuolewa, na huwa na uwezo mkubwa wa kulinda afya ya watoto wake. Aidha, kuolewa hakumwondolei uwezo wa kuwatunza wazazi wake uzeeni.

Historia ya eneo hilo inathibitisha hoja hii. Mama Maria Nyerere, aliyezaliwa mkoani Mara mwaka 1930, alisomea ualimu Sumve, mkoani Mwanza, na kufundisha Nyegina, karibu na Musoma, kabla ya kufunga ndoa na Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1953. Katika kisiwa cha Ukerewe, kisicho mbali na Majita, alizaliwa Balozi Gertrude Mongella, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Mkutano wa Nne wa Dunia wa Wanawake uliofanyika Beijing mwaka 1995, na baadaye Rais wa kwanza wa Bunge la Afrika.

Serikali imechukua hatua kadhaa kupunguza vikwazo. Tangu mwaka 2016 elimu hutolewa bila ada hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 utaratibu huo ulifikishwa kidato cha tano na sita. Mzazi hubaki na jukumu la mahitaji binafsi ya mwanafunzi. Novemba 2021 Serikali ilitangaza kuwa wanafunzi walioacha shule, wakiwemo waliopata ujauzito, wanaruhusiwa kurejea katika mfumo rasmi wa elimu. Mradi wa maji wa Mugango–Kiabakari–Butiama nao unahusika moja kwa moja na suala hili, kwa kuwa maji yanapokuwa mbali, anayetumwa na ndoo kabla ya kengele ya shule mara nyingi ni mtoto wa kike.

Kwa upande wa sheria, marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yanakataza kumuoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari. Anayemuoa au kumpa ujauzito mwanafunzi wa kike anakabiliwa na kifungo cha miaka 30, na anayesaidia kufanikisha ndoa hiyo naye anatenda kosa. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani iliunga mkono uamuzi wa Mahakama Kuu wa mwaka 2016 kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, vinavyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, vinakiuka Katiba. Vilevile, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Hivyo dhana kwamba kijana pekee ndiye mwenye boma haina nguvu kisheria.

Sheria hizo hufanya kazi pale jamii inapotoa taarifa. Mwananchi anayebaini mpango wa kumuoza mwanafunzi, au binti aliyezuiwa kwenda shule, anapaswa kumjulisha mwalimu mkuu, mtendaji wa kijiji au kata, afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha Polisi. Huduma ya simu kwa mtoto inapatikana kwa namba 116 bila malipo.

Kaka na dada wanaweza kusoma kwa pamoja. Familia isiyomudu mahitaji ya wote inashauriwa kuzungumza mapema na uongozi wa shule na serikali ya kijiji, kabla muhula haujaanza, badala ya kumwacha binti nyumbani. Mwaka wa masomo anaopoteza akisubiri zamu yake unaweza kuwa mwisho wa safari yake ya elimu.