Amplifaya nyepesi na gitaa la stili: wati za kwenye kasha zinatosha?

Kwa mwanamuziki asiye na gari, uzito wa amplifaya ni sehemu ya gharama za kazi.

Hilo linafahamika vyema Bellevue, kitongoji cha Johannesburg kinachopakana na Yeoville, ambako wamekaa wahamiaji wengi kutoka Kongo na kwingineko barani Afrika. Miongoni mwao wamo wanaojipatia riziki kwa kupiga muziki makanisani na kumbini. Usafiri wa wengi ni teksi ndogo za abiria, na chombo cha kilo 25 hakipakatwi magotini.

Amplifaya nyepesi zilizoenea miaka ya karibuni zimepunguza adha hiyo. Lakini kwa mpigaji wa gitaa la stili, anayelipa akiba ya miezi kadhaa, wepesi peke yake si hoja ya kutosha.

Akiba ya nguvu

Gitaa la stili hulazwa, na mpigaji huteleza kipande cha chuma juu ya nyuzi badala ya kuzibonyeza kwa vidole. Chimbuko lake ni Hawaii, mwishoni mwa karne ya 19, na Joseph Kekuku ndiye anayetajwa zaidi kuwa mwasisi wake.

Sauti hiyo si ngeni Afrika. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Mkongo Zacharie Elenga, maarufu kwa jina la Jhimmy, alisifika kwa mtindo wa Kihawaii. Katika albamu ya Paul Simon, Graceland, ya mwaka 1986, ambayo sehemu zake zilirekodiwa Johannesburg, stili ilipigwa na Mnigeria Demola Adepoju.

Mpigaji wa stili huanza noti pedali ya sauti ikiwa imekanyagwa nusu tu. Uzi unapofifia, huikanyaga zaidi ili noti iendelee kusikika. Kwa sababu hiyo amplifaya hubaki na akiba kubwa ya nguvu. Isipokuwa nayo, kilele cha noti hukatwa na sauti hukwaruza. Mpigaji wa gitaa la roki huweza kuutafuta mkwaruzo huo, lakini kwa stili mara nyingi ni dosari.

Uzito umekwenda wapi?

Amplifaya za zamani zilibeba transfoma kubwa ya chuma na shaba, kwa kuwa umeme wa ukutani hubadilika mara 50 tu kwa sekunde. Katika mitambo mipya umeme huo hukatwakatwa makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, au zaidi, na hapo transfoma ndogo hutosha.

Aidha, katika amplifaya za daraja D, transista hufanya kazi kama swichi: huwaka kabisa au huzimika kabisa. Joto linalopotea ni dogo, na vyuma vizito vya kupoza havihitajiki. Ndiyo maana wati 200 huweza kutoka katika kasha lisilozidi kilo mbili.

Hesabu ya wati

Wati zinazotangazwa hutegemea spika. Amplifaya ya wati 200 kwa spika ya omu 4 huenda ikatoa takriban nusu yake kwa spika ya omu 8.

Hata hivyo, kupoteza nusu ya wati ni kupungukiwa desibeli 3 tu. Spika yenye ufanisi wa desibeli 100 hulipa pengo hilo ikilinganishwa na ya desibeli 97. Kwa hiyo mwenye fedha kidogo huenda akafaidika zaidi kwa kubadili spika kabla ya kununua wati zaidi. Zile za inchi 15, zinazopendwa na wapigaji wengi wa stili, hupatikana pia kwa sumaku za neodimi, ambazo ni nyepesi kuliko za kawaida.

Jambo jingine ni kwamba amplifaya ya nguvu pekee haitoshi. Huhitaji kifaa cha kuitangulia, kinachokuza mawimbi dhaifu ya gitaa na kurekebisha besi na sauti kali. Bei yake yafaa iingizwe katika hesabu.

Umeme na mafundi

Afrika Kusini ilianza kukumbwa na mgao wa umeme mwishoni mwa mwaka 2007, na hali ikawa mbaya zaidi mwaka 2023. Amplifaya isiyopoteza nguvu nyingi kwa joto hudumu muda mrefu zaidi kwenye betri, nayo ni faida hata kwa vijiji vya Afrika Mashariki visivyo na umeme wa uhakika.

Udhaifu wake mkubwa ni matengenezo. Amplifaya ya zamani huweza kufufuliwa na fundi wa mtaani mwenye chuma cha kuchomelea risasi. Katika mpya, vipuri ni vidogo mno, na mara nyingi huhitajika bodi nzima.

Anayetumiwa chombo kutoka Marekani, ambako umeme ni volti 120, na ahakikishe kwamba kinapokea pia volti 230. Anayenunua dukani na aende na gitaa, pedali na spika yake mwenyewe, apige noti ndefu za chini kwa sauti ya ukumbini, na asikilize kama zinakwaruza pedali inapofika mwisho.