Mashua Iliyovikwa Turubai

Katika visiwa vya Aran, magharibi ya Ireland, wavuvi tangu kale hujiundia mashua nyumbani. Jina lake ni "currach". Kwanza fundi huunda ukingo wa juu, akaulaza chini juu. Huyapinda mataruma membamba, hupigilia fito, kisha huvika turubai na kupaka lami. Zamani walivika ngozi za ng'ombe.

Mashua hii ni nyepesi, watu watatu huibeba. Nao hawaiburuti, maana jiwe moja laweza kuitoboa.

Je, yafaa bahari kuu? Mwaka 1976 Tim Severin na wenzake waliondoka Ireland kwa mashua ya ngozi, wakifuata habari za Mtakatifu Brendano. Njiani barafu iliitoboa. Wakashona kiraka papo hapo baharini, na mwaka 1977 wakafika Newfoundland salama.