Majipu Yanayorudi Kwapani Si Uchafu



Katika viwanda vya Masoro, hapa Kigali, wapo wenzetu wanaotokwa na majipu kwapani au kinenani. Likipona hili, linaota jingine. Wengine huwakwepa, na kapita husema hawaogi. Tunapenda kuwaeleza kwamba huo waweza kuwa ugonjwa wa ngozi. Si uchafu, wala hauambukizi.

Madaktari huuita hidradenitisi. Waliosoma kwa Kifaransa huuita ugonjwa wa Verneuil, kwa jina la daktari Mfaransa aliyeueleza mwaka 1854. Hauwapati watu wengi. Huanzia kwenye shina la unywele: kitundu chake huziba, huvimba na kupasuka ndani ya ngozi, kisha usaha hutafuta njia ya kutoka. Joto, jasho na ovaroli inayobana huongeza maumivu. Sigara nayo huuzidisha.

Hakuna kipimo cha damu cha kuuonyesha. Daktari hutazama mambo matatu:

1. Kuna uvimbe wenye maumivu, matundu ya usaha au makovu.
2. Uko kwapani, kinenani, matakoni au chini ya matiti.
3. Umerudi angalau mara mbili katika miezi 6.

Kwa hiyo usiseme tu "nina jipu". Sema limeanza lini na limerudi mara ngapi. Daktari atahakikisha pia kwamba si kifua kikuu cha ngozi.

Ugonjwa ukiwa mdogo, hutibiwa kwa klindamisini ya kupaka au doksisiklini ya kumeza kwa wiki nyingi. Mama mjamzito aseme kabla ya kupewa dawa. Ukizidi, daktari aweza kutoa klindamisini pamoja na rifampisini. Rifampisini ni dawa ya kifua kikuu pia, basi usijinunulie dukani. Matundu yaliyoungana chini ya ngozi huhitaji upasuaji hospitalini. Kujipasua kwa wembe hakuponyi.

Mwenye mituweli aanzie kituo cha afya, aombe barua ya kwenda hospitali. Akipata cheti cha daktari, amwonyeshe mjumbe wa wafanyakazi, ili tumwombee ovaroli pana na ruhusa ya matibabu. Sheria ya kazi nambari 66/2018 inamtaka mwajiri alinde afya ya wafanyakazi, na inakataza ubaguzi kazini.

Ndugu, ukimwona mwenzako anaumwa hivyo, usimcheke. Mpeleke kwa daktari mapema, kabla makovu hayajamzuia kuinua mkono.